Injini Iliyozibwa Pumzi

Siku tuliyomzika Stefano nilikaa kwenye benchi chini ya turubai, nyuma ya nyumba yake kule Mwandiga, nikamsikiliza kijana mmoja mwenye shati jeupe akiwasimulia wenzake jinsi marehemu alivyonusurika kufungwa enzi za ujamaa. Kwa maelezo yake, Stefano alishtakiwa kwa kuiba oili ya lori la ushirika, akavuka ziwa kwenda kwa mganga wa ng'ambo, akapewa unga mweusi, akaumwaga ndani ya injini, na oili yote iliyopotea ikarudi. Wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikamwuliza kama alikuwepo. Akajibu kwamba hakuwepo, lakini kila mtu anajua. Nikamwuliza huyo kila mtu ni nani na anakaa wapi. Alinitazama kama vijana wanavyomtazama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, akanisogezea kikombe cha chai. Mimi nilikuwepo. Hapakuwa na mganga wala unga. Palikuwa na kopo la bati, mpira wa hospitali wenye maji, na barafu iliyonuka samaki. Na kwa kuwa wengine walioyaona hayo wametangulia, nayaandika kabla unga mweusi haujageuka kuwa historia.

Ulikuwa mwaka ambao watu wa wilaya zetu walikuwa wakihamia vijiji vipya. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi Dar es Salaam, nikapangwa Kigoma katika karakana ya chama cha ushirika ambacho jina lake sina haja ya kulitaja, kwani hakipo tena. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa zimejaa, hivyo fundi mkuu, Mzee Mrisho, akanipa chumba cha uani nyumbani kwake Ujiji. Kilikuwa chumba chembamba, chenye kitanda cha kamba na dirisha la mbao lililofunguka upande wa jiko, na kuta zake hazikufika juu. Ziliishia usawa wa mkono ulionyooshwa, na kutoka hapo hadi kwenye mabati hewa na maneno ya nyumba nzima vilikuwa mali ya wote. Uani mkewe, Mama Zuhura, alikamua mawese. Chikichi zilichemshwa kwenye pipa, zikatwangwa, zikakamuliwa, na makapi yake, zile nyuzinyuzi nyekundu zinazobaki, yakaanikwa juu ya paa la jiko ili yawe ya kuwashia moto. Nilikula sombe lake, yaani kisamvu, na samaki wake wa migebuka mwaka mzima, na hadi leo sijapata mezani kwa mtu mwingine mchuzi ulionituliza kama ule. Nalisema hili mapema ili msomaji aelewe kwamba sikuwa mgeni katika nyumba ile. Nilikuwa mtu wa kula kwao.

Karakanani mafundi waliniita Bwana Cheti. Nikidondosha spana, mmoja angesema, "Mwache, Bwana Cheti anapima uzito wa ardhi." Mzee Mrisho hakuwakataza wala hakucheka. Alikuwa mtu wa Ujiji wa zamani, mwenye kofia safi hata chini ya gari, na malori mawili makuukuu ya ushirika yalikuwa hai kwa sababu yake tu. Vipuri havikuja. Waya wa kuchujia ulipooza alitafuta mbadala. Gasketi alizikata kutoka kwenye maboksi ya chai. Jambo moja alilolibuni miaka mingi kabla yangu lilikuwa hili. Kila injini ina tumbo, pale chini oili inapokaa, na sehemu ya moshi wa mlipuko hupenya pembeni mwa pistoni hadi humo. Moshi huo lazima utoke, na hutokea kwenye kopo dogo lenye bomba, ambalo mafundi wetu waliliita kopo la kupumulia. Injini ikipoa, kopo hilohilo huvuta hewa ndani, na katika barabara ya Kasulu hewa ni vumbi. Vumbi lilikuwa limeshaua injini moja. Kwa hiyo Mzee Mrisho aliyaosha makapi ya mkewe kwa dizeli, akayakausha, akayashindilia katika makopo ya malori yote, na tangu siku hiyo hakuna injini nyingine iliyokufa kwa vumbi. Huo ndio ukweli, na nitauhitaji mbele.

Mwaka huo tuliletewa lori jipya lenye tabo, kile kigurudumu kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi ya ile ambayo ingejivutia yenyewe. Lilipanda milima likiwa limesheheni kana kwamba ni tambarare. Likakabidhiwa kwa Stefano, Mha wa kule juu, dereva mpole aliyezoea kuisemesha injini kwa Kiha kabla ya kuiwasha. "Mwakeye," angeiambia asubuhi, kama anavyoamkiwa mtu mzima. Kazi yake ilikuwa kupeleka mbegu na mabati katika vijiji vipya vya upande wa Kasulu. Haukupita muda mrefu tangu makapi yalipotiwa kwenye kopo la lori lile wakati wa matengenezo yake ya kwanza, Stefano akaanza kurudi na upungufu wa oili ambao hakuna aliyeweza kuueleza. Chini ya lori palikuwa na matope ya oili na vumbi. Yeye alisema injini inatapika asubuhi ikiwa kule juu. Mafundi wakaiwasha karakanani mchana, ikanguruma safi, bila tone. Basi neno likazaliwa: Stefano anauza oili njiani, pale Kidahwe, na hayo matope anayapaka mwenyewe kuficha.

Nililisikia kwa mara ya kwanza kupitia juu ya ukuta, jioni moja baada ya swala ya magharibi.

"Huyo dereva wenu ataponza watu," alisema Mama Zuhura. "Wanasema anauza."

"Anauza," alijibu mumewe.

"Umemwona?"

"Watu wote hawawezi kukosea."

"Baba Zuhura, nimekuuliza wewe umemwona."

Nikasikia bakuli likiwekwa chini, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya chumvi. Nimefikiri mara nyingi juu ya jibu lile. Mzee Mrisho hakuwa mwongo. Mtu wa aina yake, ambaye angerudia kupima nati iliyokwisha kukazwa, alikubali bila kupima jambo ambalo lingemwangamiza mwenzake, kwa sababu lilimfikia likiwa limeshakubaliwa na wengine. Nimekuwa nikilichunga kosa hilo ndani yangu tangu hapo, na nakiri kwamba limenifanya niwe mtu mgumu kukaa naye.

Kamati ya wafanyakazi ikaitwa. Katika siku zile neno hujuma halikuwa mchezo. Stefano akipatikana na hatia angekabidhiwa polisi, na mkewe na watoto wangetolewa kwenye nyumba ya ushirika kabla jua halijatua. Mwenyekiti wa kamati, karani wa maghala mwenye sauti ya mkutano hata akiomba maji, alitangaza kwamba Stefano angefanya safari moja ya mwisho kwa kuwa mbegu hazingoji, na mgambo angepanda naye kumlinda. Nikasimama nikaomba nipande mimi badala ya mgambo. "Utamlinda kwa cheti?" akauliza, na watu wakacheka. Nikajibu kwamba ningemlinda kwa kipimo. Nilikuwa nimeomba hospitalini mpira wa dripu uliotumika, nikaupinda kwa umbo la herufi U juu ya ubao, nikautia maji yaliyotiwa wino. Ncha moja iliachwa wazi. Nyingine ilikazwa kwenye tundu la kijiti cha kupimia oili. Moshi ukijaa tumboni mwa injini husukuma maji, na maji hayana rafiki wala adui. Tuliipima kwanza mbele ya wote karakanani, mchana, injini ikiwa moto. Maji yalitikisika kidogo tu.

"Umeona?" akasema Mzee Mrisho, akijifuta mikono. "Injini nzima. Mgonjwa ni dereva."

Hata hivyo mwenyekiti aliniruhusu nipande, tukaondoka. Pale Kidahwe wauzaji wa ndizi walilisogelea lori, na Stefano akakataa hata kupunguza mwendo. "Nikisimama hapa watasema nimeuza," alisema. "Nikikojoa pembeni watasema nimeuza." Baadaye kidogo akaniuliza, "Na wewe, Bwana, unasemaje?" Nilimwambia sisemi kitu hadi nione. Sidhani jibu hilo lilimfurahisha, lakini alilala Kasulu kwa utulivu zaidi kuliko mimi, mimi ndani ya lori juu ya magunia, yeye nyumbani kwa dada yake.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeufunika mji, na baridi ile ambayo mtu wa ziwani huisikia kwenye meno. Dada yake Stefano alituletea chai na viazi, na chupa ya mawese ambayo ilibidi aishikilie karibu na moto, kwa kuwa yalikuwa yameganda hadi shingoni. Tukala. Kisha Stefano akaiamkia injini, akaiwasha, akakanyaga mafuta kidogo ili ipate nguvu. Moshi wa bluu ukatoka. Nilikuwa nimeinama juu ya ubao wangu. Maji yalipanda, hayakusita, yakaruka nje ya mpira yakanilowesha wino kifua kizima. Nilipochomoa mpira, oili ikafuata tunduni kama maziwa yanayochemka.

"Umeona sasa," alisema Stefano kutoka dirishani, bila furaha. "Hiyo ndiyo inayoniibia."

Nikafungua kopo la kupumulia. Ndani, makapi yalikuwa donge la manjano, gumu kama sabuni: mabaki ya mawese ambayo dizeli haikuyaondoa, yakachanganyika na mvuke wa injini, yakaganda kwa baridi ya usiku. Nikatia maji mengine kwenye mpira, tukawasha kopo likiwa wazi. Maji yakatulia. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nililirudisha kopo vilevile na kuomba tuwashe tena.

"Bwana, tumeshajua," alisema Stefano. "Mbegu zinangojewa."

"Tumeona mara moja. Mara moja inaweza kuwa bahati."

Akatamka neno la Kiha ambalo sikuomba tafsiri yake, akawasha. Maji yakaruka tena. Hapo ndipo nilipoanza kuamini. Injini za zamani zilivujisha moshi kidogo, na moshi huo ulipata njia hata katikati ya makapi mazito. Hii ya tabo ilisukuma hewa nyingi, na moshi uliopenya tumboni ulikuwa mwingi mno kwa njia ile. Ulipokosa pa kutokea, uliizuia hata oili ya tabo yenyewe isirudi chini, ikaingia kwenye njia ya hewa na kuungua. Nyingine ikasukumwa kwenye sili, zile pete za kuzuia oili isivuje, na kumwagika barabarani. Kila safari, kufikia katikati ya asubuhi, joto la injini liliyeyusha donge, njia ikafunguka, na gari likarudi Kigoma likiwa halina hatia hata chembe. Safari hii niliyatoa makapi nikayafunga kwenye kitambaa, tukaimaliza kopo likiwa tupu. Kiwango cha oili hakikushuka.

Sikuona ni haki kulipeleka jambo hili kwenye kamati kabla ya kumwambia mwenye nyumba. Jioni tuliyorudi, Mama Zuhura aliandaa ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, nikanawa, nikakaa mkekani na Mzee Mrisho, nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameshika tonge. Alipomaliza kusikiliza akalila, polepole.

"Sema ni vumbi," alisema. "Sema vumbi limeziba. Dereva atapona, na mimi nitayatoa makapi kimyakimya."

"Mzee, kopo la kuzuia vumbi haliwezi kuzibwa na vumbi usiku mmoja. Watauliza, na kesho kutwa fundi mwingine atashindilia makapi tena."

"Unakula kwangu, mwanangu."

"Nakula kwako, Mzee, na kesho nitasema."

Hakunifukuza. Alinisogezea bakuli la mboga, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa umesimama, akainuka akaingia ndani. Kutoka chumbani kwangu nikawasikia. Alikuwa akisema kwamba watamwita mhujumu mbele ya vijana aliowafundisha kushika spana. Mama Zuhura akajibu, "Makapi ni yangu. Mimi ndiye niliyeyafunga kwenye gunia. Wakikuita wewe, waniite na mimi." Kisha akaongeza, "Lakini yule dereva ana mke kama mimi." Sikusikia jibu lake, nami sitalibuni.

Shida yangu ilikuwa kwamba ushahidi ulikuwa umeyeyuka. Makapi niliyoyatunza yalikuwa sasa laini, yenye uji wa oili, na kwa joto la ziwani hakuna ambaye angeamini kwamba kitu kile kingeweza kuizuia injini. Asubuhi nilikwenda ghala la samaki bandarini, nikaomba barafu. Kamati ilipokusanyika kwenye ua wa karakana, nilikwisha kuyashindilia tena makapi hayo koponi, kulirudisha kopo mahali pake, injini ikiwa haijawashwa tangu jana, na kulizungushia gunia la barafu. Harufu ikavutia nzi. "Leo injini inapikwa na migebuka," alisema fundi mmoja. Mwenyekiti aliniuliza kama huu ni mkutano au soko. Nikaomba wangoje. Wakangoja, wakanung'unika, wakaangalia jua, nami sikuondoa gunia hadi nilipohakikisha kopo limekuwa baridi kama mto wa Kasulu alfajiri. Stefano alisimama pembeni mikono nyuma. Akiwa mshtakiwa, hakuruhusiwa kuligusa gari. Fundi mwingine akawasha, akakanyaga. Maji yakaruka mbele ya macho ya kamati nzima. Nikafungua kopo, nikalitoa donge, nikaliweka mkononi mwa mwenyekiti.

Alilibonyeza kwa kidole, akalinusa.

"Dereva arudi kazini," alisema. Halafu sauti ya mkutano ikarudi. "Sasa tunamtaka aliyeliweka hili. Nani kaziba injini ya wananchi?"

Wote wakamtazama Mzee Mrisho. Yeye akasogea mbele hatua moja. "Mimi," alisema. Nikaona nyuso zikibadilika palepale, na nyuma yangu nikaanza kusikia lile neno, hujuma, likitoka mdomo hadi mdomo kwa wepesi uleule lililotembea nao dhidi ya Stefano, ila sasa likiwa na jina jipya. Sikupata kuona jambo lililonikasirisha kiasi hicho. Walikuwa wamepokea kipimo changu na kukigeuza uvumi kabla maji hayajakauka.

"Ndugu Mwenyekiti," nilisema, "kazi haijaisha."

"Imekwisha. Umeimaliza mwenyewe."

"Nimemaliza nusu. Naomba kopo hilihili, lenye makapi haya na barafu hii, lifungwe kwenye lori la zamani, lipimwe."

"Watu hawajala."

"Na asiondoke mtu hadi lipimwe."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumwamuru mwenyekiti, lakini nilikuwa nimeshaanza kufungua nati, na ni vigumu kumwondoa mtu aliyelala chini ya gari. Makopo yalikuwa ya umbo moja. Nililifunga, nikalizungushia barafu iliyobaki, tukangoja tena, nikaunga mpira. Nilipoinuka na kuomba mtu awashe, mafundi wote wakatazama viatu vyao. Walikuwa wanafunzi wake, kila mmoja. Lakini atakayemsaidia mtu anayeitwa mhujumu naye huitwa hivyo. Mimi nisingeweza kukanyaga mafuta huku nikitazama maji. Mzee Mrisho mwenyewe alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Stefano akatoka pembeni. Alipita mbele ya kamati, akapanda lori la zamani.

"Wewe nani kakuita?" akauliza mwenyekiti.

"Mimi ni dereva, Ndugu Mwenyekiti. Umesema sasa hivi nirudi kazini."

Akawasha. Akakanyaga, akaacha, akakanyaga kwa muda mrefu, uani pote pakajaa moshi mweusi wa injini kuukuu. Maji yalipanda kidogo, yakatikisika, yakakaa hapo. Nikamwita mwenyekiti aje aone kwa macho yake, na akaja, akainama, tumbo lake likigusa bampa.

"Kwa hiyo makapi hayana kosa?" akauliza.

"Katika injini hii hayana. Ndiyo aliyoijua Mzee Mrisho, na ameiponya kwa makapi haya miaka mingi. Ile mpya tuliletewa bila kitabu, nayo inapumua kwa nguvu zaidi. Hapo pana kosa, na kosa limeonekana. Atakayesema pana hila, aje hapa aonyeshe kwa kipimo."

Hakuja mtu. Mwenyekiti alijinyoosha, akasema kamati imeridhika, na kwamba makapi yasitiwe tena kwenye lori la tabo. Watu wakaanza kutawanyika kwenda kula. Mzee Mrisho alibaki amesimama, kisha akavaa kofia, akatembea hadi kwenye mlango wa lori ambamo Stefano alikuwa bado ameshika usukani, injini ikinguruma. Mafundi wakageuka kusikiliza. Walingoja aombe radhi, nami nilingoja.

"Zima, Stefano," alisema. "Dizeli yenyewe ni ya kuomba."

Stefano akazima. Mzee Mrisho akashika kitasa cha mlango, akamfungulia.